Tupeane uzoefu: kiangazi Marekani na familia ndani ya gari-nyumba

Mama Wanne, Minnesota

Habari za humu wapendwa. Shule zinakaribia kufungwa, na najua kuna familia zetu zinazofikiria kukodi RV, yaani gari-nyumba, mwaka huu. Naanza mimi, nanyi mwendelee.

Kiangazi cha 2023 tulitoka Minneapolis mimi, mume wangu, watoto wanne na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Bunda, Tanzania. Gari lilikuwa lile lenye kitanda juu ya dereva. Watoto wakapanda huko, mama tukampa kitanda cha nyuma. Tukashika barabara kuu ya I-90, tukalala hifadhi ya Badlands kule South Dakota, siku ya nne jioni tukaingia hifadhi ya taifa ya Yellowstone.

Kambi yetu, Fishing Bridge, haipokei mahema kwa sababu ya dubu. Ni magari yenye kuta ngumu tu. Chakula hakiachwi nje, hata sufuria chafu.

Kesho yake nikabandika maharage saa kumi jioni. Saa tatu usiku bado magumu, tukala ugali na mayai. Askari wa hifadhi ndiye aliyenieleza: ziwa la Yellowstone, jirani na kambi, liko mita 2,357 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, hayafiki 100. Maharage yanahitaji muda mrefu zaidi.

Ila kilichonifanya niandike ni hiki. Kundi la bison, nyati wa kule, lilifunga barabara bonde la Hayden. Watu wakashuka na simu zao, wanangu nao wakataka kushuka. Mama akasimama mlangoni: "Nyati hasogelewi. Kwetu tumezika watu." Hifadhi inataka ukae mita 23 kutoka kwa nyati, na mita 91 kutoka kwa dubu au mbwa mwitu, lakini neno la bibi lilitosha. Jioni wakamzunguka awasimulie. Binti yangu mkubwa, ambaye nyumbani hunijibu kwa Kiingereza kila siku, alimuuliza bibi yake maswali kwa Kiswahili hadi saa nne usiku, muda wa kambi kunyamaza. Nyumbani kila mmoja ana chumba chake. Mle ndani tulikuwa na meza moja tu. Nililia, na sioni aibu kusema.

Baba Mapacha, Texas

Dada, umenigusa. Shikamoo zetu zimfikie bibi.

Langu ni dogo ila lina gharama: pimeni urefu wa gari kabla ya kupanga njia. Sisi tulikwenda hifadhi ya taifa ya Glacier, Montana, na gari la mita 8. Ile barabara ya mlimani, Going-to-the-Sun, sehemu ya juu hairuhusu gari linalozidi futi 21, yaani mita 6.4. Tulikuwa tumewaahidi watoto. Tukaliacha kambini, tukapanda basi la hifadhi. Tuliona yote, ila nusu siku ilipotea.

Mwalimu wa Ohio

Wenye mtoto wa darasa la nne, msinunue pasi ya mwaka ya kuingilia hifadhi, ile ya dola 80. Serikali inampa mtoto huyo pasi ya bure, na familia yote inaingia naye hifadhi za taifa. Mwombeeni mtandaoni, mchapishe karatasi. Halafu ulizeni kitabu cha Junior Ranger, yaani askari mdogo wa hifadhi: mtoto anajibu maswali, anakula kiapo mbele ya askari, anapewa beji. Wa kwangu analala nayo.

Kaka wa Phoenix

Tairi, ndugu zangu. Julai, Arizona, tairi la nyuma lilipasuka tukiwa na mtoto wa miezi saba. Namshukuru Mungu mke wangu, aliyekuwa usukani, hakukanyaga breki ghafla. Tairi lilionekana zuri, kashata zote zipo. Fundi akatuonyesha tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Lilikuwa na miaka tisa. Someni tarakimu hizo kabla ya kusaini mkataba, na pimeni upepo asubuhi tairi likiwa baridi.

Pia wakati wa kumwaga maji machafu, tangi la choo litangulie, la maji ya kuoga lifuate lisafishe mpira. Vaeni glavu.

Mama Wanne, Minnesota

Kaka, pole sana, na mpe shemeji hongera yangu. Tarakimu hizo sikuzijua kabisa. Je, kuna aliyefanikiwa kupika maharage huko juu?

Mwalimu wa Ohio

Mimi nayachemsha nyumbani hadi yaive, nayagandisha kwenye mifuko. Njiani ni kuyaunga kwa nazi tu, dakika 15.