Kupima boti, trela na Hilux: mizani ya lori, ya samaki ama ya nyumbani?

BotiMalindi:
Habari zenu wapwani. Nina boti ya faiba futi 20, mashini mbili, iko hapa Malindi nataka kuipeleka Mokowe kwa barabara maana kusi limekaza, kwa maji sithubutu. Gari ni Hilux dabo keb, trela ekseli moja, breki yake ile inayojifunga yenyewe trela ikisukuma gari. Ni zaidi ya kilomita 200, kwa hivo nataka kujua uzito wa kweli, sio kukisia. Niende mizani ya lori, niazime ile ya kuning'iniza ya samaki, ama nitumie hii ya bafuni ya kujipimia mwili?

FundiMaweni:
Mizani ya lori kaka. Ile ya serikali Mariakani ni mbali lakini hapo Gongoni kwenye viwanda vya chumvi malori yanapimwa, nenda uwaombe. Na uende vile utakavosafiri: tangi limejaa, watu ndani, barafu, nanga, kila kitu. Pima gari peke yake kwanza. Kisha lifunge na trela, panda magurudumu ya gari tu kwenye mizani, trela ibaki nje. Halafu vyote pamoja. Jumla ukitoa gari peke yake, huo ndio uzito wa trela. Namba ya pili ukitoa gari peke yake, huo ndio uzito unaokalia gololi ya nyuma, ile duara ya chuma ya gari inayoshika mdomo wa trela. Uwe kama asilimia 10 ya trela.

DadaWatamu:
Fundi yuko sawa ila kuna kitu kakiruka. Mizani nyingi za lori zinasoma kwa hatua za kilo 20. Kwa jumla ya tani tatu nne hio si kitu, lakini uzito wa gololi unaupata kwa kutoa namba mbili, kila moja imekosea kidogo, ukiambiwa 80 inaweza kuwa 100 inaweza kuwa 60. Hapo mizani ya bafuni inashinda. Lakini usiikalishe chini ya trela moja kwa moja utaivunja! Tafuta boriti ngumu, ncha moja ilale juu ya bomba, ncha ya pili juu ya mizani, mdomo wa trela uukalishe futi moja kutoka bomba na futi mbili kutoka mizani. Mizani inabeba theluthi moja tu, kwa hivo toa uzito wa boriti kisha zidisha mara 3. Trela iwe imelala sawa kama inavokuwa imefungwa, na weka kabari kwenye magurudumu. Kwanza jaribu mizani yako na mfuko wa simenti wa kilo 50 uone kama inasema kweli.

Mokowe_Boy:
Ile ya samaki iacheni bwana, nyingi mwisho wake kilo 100 na hapo unaninginiza kitu juu ya miguu ya watu. BotiMalindi, wallahi usipuuze huo uzito wa gololi. Mimi mwaka juzi nilibeba mashini na madumu yote ya petroli nyuma ya boti, mbele ikawa nyepesi, tukikaribia daraja la Sabaki trela ikaanza kuyumba kushoto kulia, kila nikishika breki inazidi. Niliachia mafuta nikashika usukani wima mpaka ikatulia, mwanangu alikua kando yangu. Sikulala ule usiku.

BotiMalindi:
Pole sana ndugu yangu, alhamdulillah mulitoka salama. Nilienda Gongoni jana, walinipima vizuri tu. Gari na sisi watatu 2,180. Vyote pamoja 3,860, yaani trela ni 1,680, na mimi miaka yote nikiamini haifiki 1,300! Gololi kwa mizani ya lori ilitoka 80. Leo kwa boriti ya Dada mizani ilisoma 31 nikishatoa boriti, mara 3 ni 93. Bado ni chini ya asilimia 6.

FundiMaweni:
Isukume boti mbele juu ya trela. Boti na vitu vyake kama ni kilo 1,150, na kutoka gololi hadi ekseli ni mita 4, sentimita 30 tu zinakuongezea kilo 86 hivi. Sogeza nguzo ya winchi ufunge upya. Kumbuka uzito huo unahesabika kama mzigo wa gari pia, na unapunguza ekseli ya mbele, ukizidi usukani unakua mwepesi. Alafu soma tairi za trela, ile namba baada ya saizi.

BotiMalindi:
Imeandikwa 98.

FundiMaweni:
98 ni kilo 750 kwa tairi. Mbili ni 1,500. Ulipokua Gongoni ekseli yako ilikua imebeba karibu 1,600. Usitoke na hizo.

DadaWatamu:
Na hata ukisogeza boti ekseli itabaki hapo hapo kwenye 1,500, hakuna nafasi hata ya ndoo ya maji. Tafuta 106, hizo ni 950 kila moja. Ila uliza na rimu inabeba ngapi.

BotiMalindi:
Nimepata 106 mbili hapa mjini, rimu zimeandikwa kilo 1,000. Boti imesogea sentimita 30, mizani inasoma 59, mara 3 ni 177. Madumu nimehamishia mbele. Mokowe_Boy nitakupigia nikifika Garsen, tunatoka Alhamisi baada ya alfajiri.