Siku 4 Norðoyar (visiwa vya kaskazini vya Faroe) kwenye mvua: gari la kukodi, basi na feri, au kuchanganya?

Msafiri_Wawili: Habari wakuu. Tuko wawili, siku 4 mwezi Septemba, tutalala Klaksvík. Tunataka Kunoy, Viðareiði, Kalsoy, na ikiwezekana Fugloy. Wote tumezoea kuendesha kushoto, na huko ni kulia. Tukodi gari siku zote, twende na mabasi, au tuchanganye?

Usukani: Changanyeni. Gari kwa Viðareiði na Kunoy, miguu na basi kwa Kalsoy. Kunoy na Viðoy (kisiwa chenye Viðareiði) zimeunganishwa na Borðoy (kisiwa chenye Klaksvík) kwa kingo za mawe zilizokatiza bahari na kubeba barabara, kwa hiyo ni lami hadi kijijini. Mabasi ya Strandfaraskip Landsins, shirika la usafiri wa umma, yapo na ni ya bluu, ila vijiji vidogo hupata safari chache, Jumapili ndiyo kabisa, na baadhi ya safari haziendi usipopiga simu mapema. Kijiji hakina duka, mvua inapigwa na upepo inakuja ya kulala, basi bado saa kadhaa: hapo gari ndilo paa lako.

Kalsoy ni kinyume. Feri yake, Sam, huvuka kwa kama dakika 20 hadi Syðradalur na inabeba magari machache. Gari likikosa nafasi asubuhi mnapoteza zamu moja. Likikosa nafasi jioni, mmekwama ng'ambo. Abiria wa miguu anapanda bila presha hiyo, na basi namba 506 linapanda kutoka gatini hadi Trøllanes, mwisho wa barabara. Angalieni ratiba ya kurudi kabla ya kushuka kwenye basi.

BawabaNaBoneti: Naunga mkono, ila jifunzeni mahandaki ya njia moja kabla ya kufika. Kunoy na Kalsoy ni hayo hayo: membamba, magari ya pande zote mbili yanatumia njia ileile. Sehemu za kupishana zina alama ya herufi M na zote ziko upande mmoja. Zikiwa kulia kwako, wewe ndiye unayepisha. Ukiona taa mbele, ingia kwenye M iliyo karibu, shusha taa, subiri. Kosa la wageni ni kusema "bado yuko mbali" kisha wakakutana katikati ya M mbili, na mmoja anarudi kinyumenyume gizani. Taa za mbele ziwe zinawaka muda wote, hata mchana.

Jambo la pili ni kioo. Kwenye handaki la chini ya bahari hewa ina joto na unyevu kuliko nje. Kioo kilichopozwa na mvua kikiingia mle, umande unatua upande wa NJE, ghafla, na huoni kitu. Watu hukimbilia kufuta kwa ndani na kiganja, haisaidii. Washa waipa. Ukungu wa ndani, ule wa makoti yaliyolowa, ndio unaotaka AC na joto pamoja, hewa ielekezwe kwenye kioo, na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizimwe.

Zuhura_KBH: Ndugu zangu, upepo mnausahau. Egesheni pua ya gari ikielekea upepo, mlango mmoja mmoja, mkono usiuachie. Upepo wa nyuma unaukunja mlango hadi bawaba zinapinda, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi hilo. Soma mkataba.

Kwenye pasipoti pia: viza ya Schengen peke yake haitoshi. Faroe haimo Schengen, kwa hiyo viza ya Denmark lazima iandikwe kwamba inatumika na huko. Ombeni hivyo tangu mnapojaza fomu.

Msafiri_Wawili: Asante dada, hilo la viza hatukulijua. Ada za mahandaki je? Na Fugloy?

Usukani: Kutoka uwanja wa ndege wa Vágar hadi Klaksvík hamkwepi mawili: Vágatunnilin na Norðoyatunnilin (la 2006, kilomita 6.2). Eysturoyartunnilin, lile la kilomita 11.2 lenye kipilefti chini ya bahari, halina ulazima kwenye njia hiyo. Piteni daraja la Oyrarbakki, halina ada. Kamera husoma namba ya gari, kwa hiyo muulizeni mwenye gari kama ada imo kwenye bei au itakatwa baadaye. Mwendo ni 80 nje ya makazi na 50 ndani. Ukigonga kondoo, simama upige simu polisi, ndiyo sheria.

BawabaNaBoneti: Fugloy mnaacha gari Hvannasund, mnapanda feri Ritan, ambayo ni ya abiria tu. Shida si mvua, ni mawimbi ya gatini: boti inapanda na kushuka, unaruka pale mabaharia wanapokuambia, mikono yote miwili ikiwa wazi. Kwa hiyo mzigo uwe mgongoni. Bahari ikichafuka safari inafutwa, au mnafika na hamwezi kurudi siku hiyo. Iwekeni siku ya pili. Siku ya nne mna ndege.