Wanafunzi wa biashara na hifadhi za taifa: ushirikiano uanzie wapi?

Mwalimu wa Morogoro aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha uhasibu wa menejimenti na masoko katika chuo kimoja mkoani Morogoro. Kwa muda sasa nimekuwa nikitafuta namna ya kuwatoa wanafunzi wetu katika mifano ya vitabuni, ambayo mingi inahusu viwanda wasivyowahi kuviona, na kuwapeleka mahali ambapo maamuzi ya fedha ni mazito na matokeo yake yanaonekana kwa macho. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, ipo mkoani kwetu, na kusini yake ipo Udzungwa, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Hata hivyo wanafunzi wengi huzijua kwa ziara ya siku moja tu: basi linaingia asubuhi, picha zinapigwa, mhifadhi anatoa maelezo, na jioni tunarudi bila yeyote kuuliza hifadhi hiyo inaendeshwa kwa fedha gani.

Ninachokusudia ni hati ya makubaliano kati ya chuo na hifadhi, ambayo kwayo wanafunzi wa mwaka wa tatu watapewa kazi ya kweli na kuiwasilisha mbele ya watu watakaoitumia. Naomba mnaozijua hifadhi kwa ndani mnieleze ni kazi ipi mwanafunzi wa biashara anaweza kuifanya ikawa na manufaa kwa hifadhi yenyewe, na ni mambo gani yameua ushirikiano wa namna hii mahali pengine.

Mhifadhi Mstaafu alijibu:

Mwalimu, salaam. Nilifanya kazi ya uhifadhi kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika upande wa utalii, na ningependa nianze na swali lako la mwisho. Maombi mengi yanayofika mezani kwa wakuu wa hifadhi hueleza mwanafunzi anahitaji nini, lakini hayasemi hifadhi itapata nini. Barua inaomba nafasi za mafunzo kwa vitendo, inaomba malazi, inaomba takwimu za mapato, kisha inaishia hapo. Mkuu wa hifadhi ana askari wa kuwapangia doria, barabara za kuchonga baada ya masika na magari yanayosubiri vipuri. Usipomwonyesha kwamba vijana wako watampunguzia tatizo fulani, atawapokea kwa adabu na kuwakabidhi majalada wayapange.

Kwa hiyo anza na swali moja, na swali hilo litoke kwao. Kwa Mikumi ninalo moja ambalo tulilizungumza mara nyingi bila kupata mtu wa kulishughulikia hadi mwisho. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hatimaye Zambia inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Abiria wa mabasi huwaona twiga, pundamilia, nyati na hata tembo kupitia dirishani bila kulipa chochote, kwa kuwa barabara ni ya umma, na katika barabara hiyo hiyo wanyama hugongwa na magari. Mtu wa masoko anapaswa kuwaona abiria hao kuwa wateja ambao wameshafika, ila hawajapewa sababu ya kushuka. Ni nani kati yao angekubali kulala usiku mmoja Mikumi mjini na kuingia hifadhini alfajiri, kwa gari la nani, kwa bei gani, na ni gharama zipi zingebaki palepale hata kama gari lingeondoka na wageni wawili badala ya sita? Hapo una masoko, una uhasibu wa gharama, na una ujasiriamali wa vijana wa mji ule, yote katika swali moja.

Wapo pia wageni wanaotoka Dar es Salaam mwisho wa wiki, ambao safari yao imekuwa nyepesi zaidi tangu treni ya SGR ilipoanza kwenda Morogoro mwezi Juni 2024, na wapo wanaoletwa kwa ndege ndogo kutoka Zanzibar na kurudi jioni ile ile. Makundi haya hayana haraka sawa, hayana mfuko sawa, wala hayatafuti jambo lile lile, na nimeona matangazo mengi yakiyazungumzia kana kwamba ni mtu mmoja.

Kuhusu somo lako la uhasibu, nakuomba usiwaache wanafunzi wakaishia kwenye mapato ya lango. TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1959, linasimamia hifadhi zaidi ya 20, na kwa miaka mingi hifadhi chache, hasa Serengeti na Kilimanjaro, ndizo zilizobeba gharama za nyingine. Mwaka 2020 sheria ilibadilishwa na mapato ya hifadhi yakaelekezwa katika Mfuko Mkuu wa Serikali, katika mwaka ule ule ambao idadi ya watalii walioingia nchini ilishuka kutoka takriban milioni 1.5 ya mwaka uliotangulia hadi takriban 620,000 kwa sababu ya UVIKO-19. Kijana aliyefundishwa kwamba kitengo kisichojilipia kifungwe atakwama hapa, na ni vizuri akwame akiwa bado chuoni. Chukua Udzungwa: ndani hakuna barabara za magari, mgeni hupanda kwa miguu kwenda maporomoko ya Sanje yenye kimo cha mita 170 hivi, na makusanyo ya langoni hayawezi kulinganishwa na ya Serengeti. Lakini misitu ile ndiyo chanzo cha mito inayoteremka kwenye mashamba ya miwa na mpunga ya bonde la Kilombero. Thamani ya maji hayo inapaswa kuonekana katika hesabu za nani? Nimewahi kuwauliza hivyo wachumi wenye uzoefu, na mjadala ukachukua mchana mzima.

Kwa utaratibu, zungumza kwanza na mkuu wa hifadhi, kisha barua rasmi iende kwa Kamishna wa Uhifadhi, makao makuu Arusha. Kazi ikifikia kuwa utafiti ndani ya hifadhi, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, nao wahusishwe mapema. Tena usiufunge mpango wako kwenye fedha za mradi. Mradi wa REGROW, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa ajili ya hifadhi za kusini, zikiwemo hizi zako mbili, ulifikia kikomo mwaka 2024 kabla ya wakati wake. Ushirikiano wa chuo uwe na uwezo wa kuendelea kwa nauli ya basi na posho ndogo, vinginevyo utakufa mradi unapokufa.

Binti wa Kilombero alijibu:

Shikamoo Mzee, na Mwalimu pia. Nilifanya mafunzo kwa vitendo katika hifadhi moja nikiwa mwanafunzi wa masoko, na yale ya majalada ninayathibitisha, kwani wiki za mwanzo ziliishia huko. Nilianza kujifunza nilipoombwa kusaidia langoni. Niliona familia zikifika na fedha za kiingilio zilizohesabiwa vizuri, kisha zikaambiwa kwamba gari nalo lina malipo yake na kwamba malipo hupokelewa kwa namba ya malipo, si kwa fedha taslimu. Wengine waligeuza wakarudi. Hakuna ripoti iliyowataja watu hao, kwa sababu takwimu za hifadhi huhesabu walioingia. Mwalimu, wape wanafunzi wako kazi ya kuwahesabu walioshindwa kuingia na kuwauliza sababu kwa heshima. Ni kazi ndogo, haihitaji siri za fedha za mtu yeyote, na hifadhi haina mtu wa kuifanya.

Jambo la pili ni kalenda. Mafunzo kwa vitendo ya vyuo vingi huangukia kati ya Julai na Septemba, wakati wa kiangazi, ambapo wageni ni wengi na watumishi hawana nafasi ya kumwelekeza mgeni mwingine. Maswali ya wageni yanafaa msimu huo, lakini maswali ya gharama za barabara na magari yafanywe Machi hadi Mei, mvua zikiwa zimeshaonyesha zinachoweza kufanya. Ukipeleka kundi moja tu kila Julai, wanafunzi wataijua nusu ya biashara ya hifadhi.

Mtanzania Ughaibuni alijibu:

Ninasoma sera za umma nchini Marekani, na huku lipo jambo linalofanana sana na wazo la Mwalimu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, kwa kushirikiana na asasi ya National Parks Conservation Association, iliwachukua wanafunzi wa shahada za uzamili za biashara na sera wakati wa likizo ya kiangazi, ikawapanga katika timu ndogo na kuwapeleka hifadhini kuandika mpango wa biashara wa hifadhi husika. Kilichonivutia ni umbo la kazi yenyewe. Wanafunzi hugawa shughuli zote za hifadhi katika maeneo machache, kama vile ulinzi wa maliasili, huduma kwa wageni, matengenezo na utawala, kisha kwa kila eneo huandika watumishi na fedha zilizopo, na kando yake watumishi na fedha zinazohitajika ili kazi ifanyike kwa kiwango kinachokubalika. Pengo linalobaki kati ya safu hizo mbili ndilo kiini cha mpango.

Ili kulijua pengo hilo, mwanafunzi hana budi kukaa na fundi wa barabara, na mtunza stoo, na kiongozi wa doria, na kumuuliza kila mmoja kazi yake huchukua saa ngapi. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mafunzo yenyewe, hata kuliko waraka unaotoka mwishoni. Kwetu isiigwe yote, maana wanafunzi wa huku wamekwisha kufanya kazi miaka kadhaa kabla ya uzamili, ilhali wa Mwalimu ni wa shahada ya kwanza. Wapewe eneo moja tu, kwa mfano matengenezo ya barabara za ndani, na walimalize.

Msomaji wa Kigali alijibu:

Kwa somo la bei, naomba mtumie mfano wa jirani. Mwezi Mei 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha kuwatembelea sokwe wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500, na wakati huo huo ikaongeza sehemu ya mapato ya hifadhi inayokwenda kwa jamii jirani kutoka asilimia 5 hadi 10. Wanafunzi waulizwe kwa nini maamuzi hayo mawili yalitangazwa pamoja, kisha waulizwe kama bei ya namna hiyo ingewezekana Mikumi, ambako mnyama anaonekana kutoka barabarani.

Katibu wa Kikundi, Mang'ula alijibu:

Nimesoma yote kwa makini na nashukuru, ila nimeona wageni, magari na bei, na sisi tunaoishi mpakani mwa hifadhi ya Udzungwa tumetajwa mwishoni kabisa. Mwalimu, ukitaka wanafunzi wako waijue biashara ya hifadhi, waje pia upande huu wa mpaka.

Tembo anapoingia shambani usiku mmoja, mkulima hupoteza mtaji wa msimu mzima. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi pale mtu anapojeruhiwa au kuuawa, lakini malipo hayo si fidia ya hasara yote, na mkulima asiyejua kuandika alipanda nini, kwa gharama gani na kilibaki nini hujikuta hana cha kuweka kwenye fomu. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kukaa na kaya chache na kuwasaidia kuanzisha daftari la shamba. Hapa Mang'ula pia imejaribiwa mizinga ya nyuki iliyofungwa kuzunguka mashamba, kwa kuwa tembo huwaogopa nyuki. Watu huuliza kama inazuia tembo. Mimi ningependa mtu atupigie hesabu ya mzinga, matengenezo, asali inayopatikana na miaka inayohitajika ili uzio ujilipe.

Yapo pia mambo ya kuni. Zamani tuliruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini kwa siku maalumu, na mwaka 2011 ruhusa hiyo ikasitishwa. Tangu hapo kuna waliopanda miti yao na kuna wanaotengeneza majiko banifu, lakini fundi wa majiko anauza kwa bei aliyoisikia kwa mwenzake bila kujua kama anapata faida.

Mwisho, katika maeneo mengi yanayopakana na hifadhi vipo vikundi vya kuweka na kukopa vinavyoitwa COCOBA, ambavyo hukopesha wanachama kwa shughuli zisizoharibu mazingira. Vitabu vyao huandikwa kwa mkono na mtu mmoja, naye akiugua kikundi husimama. Wanafunzi wawili wakikaa na kikundi kwa muhula mmoja, watajifunza mikopo kuliko darasani, nasi tutabaki na vitabu vinavyosomeka. Ila naomba sana jambo moja: hesabu zetu zisiondoke na kuwekwa kwenye ripoti ambayo hatutaiona. Wameshakuja wengi na madodoso, wakajaza, wakaaga.

Mwalimu wa Morogoro alijibu:

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee Katibu, kwa sababu majibu yake yamebadilisha mpango niliokuwa nao. Nilikuwa nimeandaa rasimu yenye pande mbili, chuo na hifadhi, na sasa nitaiandika upya ili vikundi vya vijiji jirani viwe upande wa tatu wenye saini yake, na iwe sharti kwamba mwanafunzi hapati alama zake za mwisho kabla hajawasilisha matokeo kwa Kiswahili mbele ya waliompa taarifa na kuwaachia nakala. Taarifa za kaya zitabaki bila majina, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inatudai tulizingatie.

Kwa mwaka wa kwanza nitachukua kazi mbili tu. Kundi la Julai litakwenda Mikumi kuwahesabu na kuwasikiliza wageni wanaogeuka langoni, pamoja na abiria wanaosimama Mikumi mjini kwa chakula, iwapo mkuu wa hifadhi ataona swali hilo linamfaa. Akiwa na lingine zito zaidi, tutalichukua lake. Kundi la pili litakuja Mang'ula kwa ajili ya hesabu ya mizinga na daftari za mashamba, na kundi litakalofuata litaendelea na daftari zile zile badala ya kuanza upya, kwa sababu hasara ya tembo haiwezi kupimwa kwa msimu mmoja. Gharama za matengenezo ya barabara nitaziacha hadi tuaminiane.

Katibu, kabla sijaandika barua kwa uongozi wa chuo, naomba unieleze kikundi chenu hukutana siku gani ya wiki, na kama mwenyekiti na wanachama wangeridhia nije mimi mwenyewe kwanza, bila wanafunzi, niwasikilize mngependa kazi hii ifanywe kwa namna gani.

Katibu wa Kikundi, Mang'ula alijibu:

Tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana, Mwalimu. Nitalifikisha kwa mwenyekiti wiki hii. Ukija, tafadhali njoo na mfano wa daftari hilo la shamba, ili akina mama wanaoandika hesabu zetu waone kama safu zake zinaeleweka kabla halijachapishwa.