Watoto wa Chukwani (wazee hawamo)

*Da Zuhura:* Assalamu alaykum nyote. Nimefungua kikundi hichi kwa jambo moja tu. Baba anastaafu mwisho wa Septemba na zawadi tuliahidiana tangu Idi Kubwa. Leo tukate shauri.

*Rukia Muscat:* Waalaykum salaam. Mie nilishasema, tuwapeleke mahali wapumzike siku mbili tatu, Mama asishike sufuria. Changu kipo tayari.

*Salma:* Chumbe.

*Hamza Dar:* Chumbe hichi kisiwa chenye mnara wa taa?

*Salma:* Ndicho. Baba kakua anautazama mnara ule kutoka pwani ya kwetu na hajawahi kuukanyaga. Umejengwa 1904, hata babu yake kaukuta.

*Hamza Dar:* Nimechungulia sasa hivi. Jamani! Hakuna tivii, hakuna eisii, choo hakina maji. Na bei hiyo! Yaani tulipe fedha zote hizi tumrudishe mzee alikotoka?

*Salma:* Hiyo uliyoiona ni bei ya wageni. Tuulizie ya wakaazi kabla hujazimia.

*Rukia Muscat:* Ngoja ngoja. Choo hakina maji???

*Da Zuhura:* Hilo hata mie limenishitua.

*Salma:* 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

*Hamza Dar:* Andika mwalimu, niko kazini.

*Salma:* Haya. Kisiwa kile hakina kisima. Chote ni jiwe la matumbawe, mvua ikinyesha maji yanazama yanaishia baharini. Kwa hiyo kila nyumba inajikingia mvua yake. Zipo nyumba 7 tu. Paa la makuti kubwa kuliko nyumba yenyewe, maji yanateremka, yanachujwa, yanaingia kwenye tangi chini ya sakafu. Ukitaka kuoga unayapandisha kwa pampu ya mkono, na jua ndilo linaloyapasha moto. Ukishaoga, maji machafu yanapelekwa kwenye vitalu vya mimea inayofyonza uchafu, yasifike kwenye mwamba. Sasa mahali kama pale, umwage ndoo nzima kila ukienda haja? Israfu hiyo. Choo chao ni cha mboji, ukimaliza unatupia majani makavu, kule chini vinaoza pamoja. Na hakinuki, nimeingia mwenyewe.

*Rukia Muscat:* Na kujitwaharisha?

*Salma:* Kopo unachukua lako Rukia. Mswahili gani anasafiri bila kopo.

*Da Zuhura:* Mama alipokuja kwako Muscat si alilitia kwenye begi la mkono.

*Rukia Muscat:* Na mpaka leo liko bafuni kwangu, kanikataza nisilitupe 😂😂

*Hamza Dar:* Mie hawa "rafiki wa mazingira" nishawachoka. Mwaka jana kazini walitupeleka hoteli moja ya ufukweni, jina nalihifadhi. Getini ubao mkubwa, tunalinda bahari. Chumbani kikaratasi, mgeni mpendwa tumia taulo siku mbili uokoe dunia. Usiku jenereta linanguruma mpaka adhana ya alfajiri. Mezani kila ukikaa unaletewa chupa mpya ya plastiki. Nikazunguka nyuma ya jiko kupokea simu, nikaona bomba linatema povu jeupe mchangani, hatua chache na wanapoogelea watoto. Kilichookolewa pale ni sabuni yao ya kufulia.

*Salma:* Wapo wengi hao. Mie hoteli yoyote naiuliza swali moja tu, maji machafu yanakwenda wapi? Wakianza habari za taulo, naaga.

*Shem Khamis:* Salamu kwenu. Nilikuwa naparaza chombo ndiyo nimeona. Salma hajakosea. Mwamba wa magharibi ya Chumbe haujaguswa tangu 1994 ilipotangazwa hifadhi. Hakuna nyavu, hakuna dema, hakuna mshipi. Hata mgeni aliyelipa hashuki na mtungi wa hewa, anaelea juu na miwani yake anatazama. Na walinzi si askari. Walianza na wavuvi wa huku kwetu, hawana bunduki, ukipotea njia wanakujia kwa maneno.

*Hamza Dar:* Na nyie wavuvi mmeridhia?

*Shem Khamis:* Wazee wa zamani walinuna, sikufichi. Lakini samaki hajui mpaka. Wanazaliana mle, wakizidi wanatoka, sisi tuko nje tunawasubiri. Yule changu niliyekuleteeni siku ya arubaini ya mtoto mnadhani katoka wapi?

*Da Zuhura:* Kumbe! Na mie nilimsifu Khamis kwa ufundi 🙄

*Idi:* Salma eti kule kuna kaa wakubwa wanapanda miti?

*Salma:* Kaa wa minazi. Anafika kilo nne, na gando lake linafua nazi. Mchana wamejificha kwenye mapango ya mawe, usiku ndiyo wanatoka, mnapelekwa na tochi kuwatazama. Njiani hakuna taa makusudi, wanyama wa usiku wasibabaike.

*Rukia Muscat:* Mama yangu, gizani, na kaa wa kilo nne. Laa haula.

*Da Zuhura:* Mama ataulizia anapikwa kwa nazi au kwa ukwaju.

*Salma:* Hapikwi! Kwengine wameliwa karibu waishe, ndiyo maana wanalindwa pale. Paa nunga, wale swala wadogo wa msituni, pia wapo, wamepelekwa kuhifadhiwa.

*Salma:* Mie nilichokipenda si kaa wala nyumba. Nilikwenda na wanafunzi wangu, skuli za Unguja zinapelekwa kusomeshwa, na fedha za wageni wanaolala ndizo zinazogharimia. Watoto wamezaliwa pwani, baharini kila siku, na wengi ndiyo mara ya kwanza kutia uso ndani ya maji na kuona. Wasichana walivaa jaketi za kuelea juu ya mitandio na suruali zao. Mmoja alikuwa kaning'ang'ania mkono mpaka kucha zimeniingia. Alipotia miwani akaniachia hapo hapo. Ikabidi nimfukuzie mimi, kutoka hataki, anapiga kelele ndani ya bomba la kupumulia.

*Hamza Dar:* Mwalimu umenilainisha kidogo. Kidogo.

*Idi:* Nilisikia matumbawe yamekufa lakini, joto.

*Salma:* 1998 yalipauka, na 2016 tena, bahari ilipopata moto. Pale hayakusalimika yote. Ila mwamba usiovuliwa na usiotiwa nanga unajirudi upesi kuliko uliokwisha kuchakazwa.

*Da Zuhura:* Haya, tuje kwenye la maana. Kulala kukoje? Nakusudia magoti ya Mama.

*Salma:* Hapo ndipo nilipokuwa napakimbia. Kitanda kiko juu, darini, unapanda ngazi. Ukuta wa mbele unateremshwa kwa kamba, umelala unaitazama bahari. Chini ni sebule, bembea na bafu.

*Da Zuhura:* Basi Mama hawezi.

*Idi:* Hawezi? Juzi kapanda dari ya kwetu kuteremsha sinia la shaba. Mie nimeshika ngazi huku moyo unanienda mbio, yeye anaimba kasida.

*Shem Khamis:* Magoti ya Mama yanauma akialikwa harusi asiyoitaka.

*Da Zuhura:* Dari ya kwetu anapanda mara moja akateremka. Hapa saa nane za usiku anataka kwenda haja, ngazi ile gizani, na tochi mkononi. Nani atamshika? Baba anayelala kama gogo?

*Rukia Muscat:* Kweli hilo.

*Salma:* Nitapiga simu kesho niulize kama wanaweza kutandika godoro chini. Wakikataa, ipo ya kutwa. Mnaondoka asubuhi kwa boti ufukweni Mbweni, mnapata cha mchana, jioni mmerudi. Ila hiyo wanapokea siku ambazo nyumba hazikujaa.

*Hamza Dar:* Ya kutwa nafuu, hata sisi tunaweza kufuatana nao.

*Rukia Muscat:* Wewe Hamza unatafuta unafuu tu. Mie nataka walale! Ya kutwa Mama ataitumia yote kuuliza saa ngapi tunarudi.

*Da Zuhura:* Godoro likiwezekana, wanalala siku mbili. Lisipowezekana, ya kutwa, na mie nafuatana nao. Khamis, bahari ya Oktoba ikoje?

*Shem Khamis:* Kusi inakuwa imelegea na kaskazi haijaingia. Mwisho wa Oktoba kuingia Novemba ndiyo nzuri, maji yametulia. Masika wenyewe wanafunga kisiwa, hawapokei wageni. Wakati wa kushuka botini kuna kukanyaga maji, Mama asivae viatu vyake vya kamba.

*Da Zuhura:* Imepita. Salma anapiga simu. Mchango tunagawana sawa, Idi nusu kwa kuwa bado anasoma. Mtume namba ile ile ya siku zote.

*Rukia Muscat:* Nishatuma.

*Hamza Dar:* Nasubiri bei ya wakaazi.

*Da Zuhura:* Hamza tuma, na utie ya kutolea.