Nipo London kimasomo: Seven Sisters Jumamosi kwa pauni 40, inawezekana?

Mgeni_Jijini
Wakuu, habari za majukumu. Nasoma uzamili hapa London, masomo ya muda wote, umri miaka 33. Nataka wikiendi niwe natoka nje ya jiji, na nianze na ile miamba myeupe ya Seven Sisters katikati ya Novemba. Mfukoni pauni 40, chakula humohumo. Je, Railcard ya vijana (kadi ya punguzo la nauli za treni) inanihusu kwa umri huu? Nishuke stesheni gani? Na baadaye nikitaka kwenda Dublin kwa siku mbili, viza yangu ya mwanafunzi inatosha?

Kipanga_wa_Reli
Karibu mkuu. Railcard ya 16-25 jina lake linadanganya: aliyevuka umri huo naye anaipata, mradi ni mwanafunzi wa muda wote. Chuo kinakuthibitishia kwenye fomu. Bei yake ni pauni 35 kwa mwaka na inakata theluthi moja ya nauli, kwa hiyo ukishafikisha nauli za pauni 105 imejilipa. Kile kiwango cha chini cha nauli kinachowabana wenye kadi asubuhi (punguzo haliishushi nauli chini yake) ni cha Jumatatu hadi Ijumaa, wikiendi hakikuhusu.

Sasa tiketi. Panda London Victoria, badilisha treni Lewes, shuka Seaford. Ni kama saa moja na nusu. Nunua ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, maana mara nyingi inazidi ya kwenda tu kwa kiasi kidogo sana. Usiguse Oyster, ile kadi ya usafiri wa London, pale Victoria ukidhani itakufikisha. Haifiki kule, na ukikutwa huna tiketi halali faini ni pauni 100 juu ya nauli yenyewe (pauni 50 ukilipa ndani ya siku 21). Railcard ikiwa kwenye simu na simu ikazima, unahesabiwa huna kadi. Beba pawabenki.

Bint_Mkwajuni
Nyongeza kwenye njia, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Ile picha ya nyumba ndogo na miamba nyuma yake inapigwa kutoka upande wa Seaford. Ukianzia Exceat, kwenye daraja la mto Cuckmere, ukapanda moja kwa moja upande wa mashariki, unakuwa umesimama juu ya miamba yenyewe, na picha hiyo huioni. Kwa hiyo kutoka stesheni ya Seaford shika ufukwe, panda Seaford Head, teremka Hope Gap mpaka mdomo wa mto Cuckmere.

Hapo mdomoni hakuna daraja. Ng'ambo unaiona, unatamani uvue viatu. Usivuke, mkondo una nguvu. Fuata mto kwenda juu kama kilomita mbili hadi daraja la Exceat, vuka, kisha rudi baharini upande wa pili uanze vilima vya Seven Sisters. Vinakuja kimoja baada ya kingine, panda shuka, magoti yatasema.

Kutoka Seaford mpaka Eastbourne ni kama kilomita 22, na hiyo si safari ya Novemba. Katikati ya mwezi huo jua linazama kwenye saa kumi jioni. Ukifika saa nne asubuhi una saa sita tu za mwanga. Ishia Birling Gap, pale vilima hivyo vinapoishia, tembea mpaka kijiji cha East Dean, panda basi namba 12 likurudishe Seaford. Jumla kama kilomita 13. Nauli ya basi haizidi pauni 3, hicho ndicho kikomo England tangu Januari 2025. Tena kwa njia hii tiketi yako ya kurudi inabaki halali. Ukiishia Eastbourne ukapanda treni huko, ile ya Seaford haikusaidii mpaka ufike Lewes.

Mgeni_Jijini
Asante dada. Jumapili je? Na raba za kawaida zinatosha?

Mzee_wa_Vilima
Jumamosi ni bora. Jumapili ndiyo siku wanayopenda kufunga reli kwa matengenezo, unajikuta umepandishwa basi badala ya treni na saa moja imeliwa. Siku yoyote utakayochagua, angalia ratiba tena Ijumaa usiku.

Raba zenye soli laini, hapana. Miamba ile ni ya chaki, na chaki ikilowa inateleza kama sabuni, na mteremko wa kila kilima umekanyagwa mpaka majani yameisha. Unataka soli yenye meno. Jinzi ikilowa haikauki mwilini. Vaa suruali nyepesi, nguo za tabaka mbili tatu na koti la kuzuia upepo. Mwavuli uache chumbani, upepo wa pale juu utaugeuza bakuli. Chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai vinatosha, na pauni zako zinabaki.

Ukingoni usikaribie hata kama wengine wamekaa wananing'iniza miguu. Bahari inakula mwamba kwa chini, kwa hiyo majani unayoyakanyaga yanaweza kuwa hayana kitu chini yake. Huko chini ufukweni nako, kati ya Cuckmere na Birling Gap hakuna njia ya kupanda. Maji yakijaa yanakubana ukutani. Angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hujateremka, hasa siku za bamvua.

Mkiwa watatu hadi tisa kuna GroupSave, theluthi inakatwa bila kadi yoyote. Haijumlishwi na Railcard, kwa hiyo usinunue kadi kwa ajili ya safari moja ya kundi.

Kipanga_wa_Reli
Dublin: haitoshi. Jamhuri ya Ireland ina viza yake, na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anaihitaji hata akiwa na viza ya Uingereza. Paris vilevile, hiyo ni viza ya Schengen. Scotland, Wales na Belfast (Ireland Kaskazini) nenda tu, ni Uingereza hiyohiyo. Ila ukiwa Belfast usidandie basi la Dublin kwa sababu hukuona kizuizi mpakani. Maofisa wa Ireland wanaweza kulisimamisha njiani na kuanza kukagua hati kiti kwa kiti.