Mrejesho: nimeichagua Mwanza, Moshi na Arusha nimeziacha

Wadau habari zenu, mwezi wa tatu niliwauliza mtu anayependa kukwea miamba ahamie wapi kati ya Moshi, Arusha na Mwanza, wengi mkasema Moshi sababu ya Kilimanjaro. Nikaenda kuangalia mwenyewe. Mlima ni mita 5,895 na ni mzuri mno ila kwa njia za kawaida ule unapanda kwa miguu siku kadhaa, na sheria ni lazima uwe na mwongoza wageni na ulipe ada za hifadhi, sasa mimi nataka jiwe la kushika kwa vidole kabla au baada ya kazi. Arusha sikukaa sana, kodi ya nyumba ilinishinda.

Mwanza jamani mawe yako mtaani! Nimepanga Isamilo, nikifungua mlango naona jiwe, ni graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2, inakwaruza kama msasa kwahiyo kiatu kinanata vizuri sana. Nakwea mafupi tu bila kamba, chini natandika godoro la sponji na mwenzangu anasimama kunikinga. Saa kumi na mbili asubuhi ndo muda wake, likishawaka jua jiwe linaunguza mikono, na mvua ikinyesha usiguse kabisa, linateleza.

Kingine, mawe mengi yako kwenye viwanja vya watu, piga hodi kwanza. Mzee wa jirani nilimwamkia nikamweleza, akaniambia "panda mwanangu, ila pale juu kuna nyuki". Nimemshukuru sana yule mzee.