Uliambiwa damu imepungua: sababu ikaja kuwa nini? Tupeane uzoefu, hasa watu wa Tanga

Mwana wa Makorora (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Huku kwetu Tanga mtu akitoka hospitali na karatasi inayosema damu imepungua, mtaa mzima unampa ushauri uleule: kunywa rozela, kula maini, chemsha matembele unywe na maji yake. Wanaoshauri wana nia njema, na maini kweli yana madini ya chuma ya kutosha. Ila ni wachache wanaouliza damu hiyo imekwenda wapi. Nataka uzi huu uulize hilo tu: kwako sababu ilikuwa nini, na iligundulikaje?

Tatizo ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ni asilimia 59. Ule wa 2015–16 ulikuta 45 na 58. Yaani kwa wanawake tumesogea kidogo, kwa watoto tuko palepale. Kwa asiyejua vipimo, namba ni ya himoglobini, gramu kwa desilita ya damu: mjamzito akiwa chini ya 11 ana upungufu, mwanamke asiye na mimba chini ya 12, mwanaume chini ya 13.

Naanza mimi. Mdogo wangu alipobeba mimba ya pili, wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Akaanza kutafuna mchele mbichi. Unaongea naye, mkono uko mfukoni mwa dera, unasikia kru kru mdomoni. Mama akasema ni mimba hiyo, mwacheni. Kliniki wakampima, damu 8.1. Nesi alipouliza kuhusu mchele na udongo tukashangaa amejuaje. Akatueleza kuwa hamu ya kula vitu visivyo chakula mara nyingi huja na upungufu wa madini ya chuma, na kwamba kuzaa kwa kufuatanisha kunamaliza akiba ya mama kabla hajairudisha. Wakampima malaria, wakampa dawa ya minyoo na fefo, yaani vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Fefo zilimchefua, akawa anazificha chini ya godoro. Kilichosaidia ni kuambiwa azimeze usiku akishakula, kwa juisi ya chungwa badala ya chai. Machungwa ya Muheza hayo, wala si ghali. Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini, na sisi watu wa pwani chai ndiyo kila kitu! Alijifungua akiwa amevuka 10, na alipotoka damu nyingi baada ya kuzaa hakuhitaji kuongezewa. Angeenda leba na ile 8, sijui tungekuwa tunasimulia nini.

Mama Pacha, Muheza
Kwangu ni malaria. Mmoja wa mapacha alikuwa na homa ya kuja na kuondoka, nikampa dawa ya kushusha homa, ikashuka. Baadaye akawa hachezi, anahema harakaharaka hata akiwa amelala. Kufika hospitali, nesi alifungua kiganja cha mwanangu akakilaza juu ya changu. Changu kina wekundu, chake hakina rangi kabisa. Damu 4.3. Baba yake mdogo akaitwa kutoa damu, mtoto akawekewa siku hiyohiyo. Daktari akanieleza kuwa vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua, kwa hiyo homa ikijirudia bila tiba kamili damu inakwisha kimyakimya. Kina mama wenzangu, mtoto akiwa na homa apimwe malaria, na dawa ya mseto ya malaria imalizwe hata akianza kucheza. Na muangalieni viganja. Hakihitajiki kifaa.

Mkwezi, Pangani
Safura. Mimi nafanya kazi za minazi, pekupeku toka utotoni. Nilikuwa nikipanda mti mmoja napumzika, na zamani nilipanda mfululizo. Wenzangu wakasema ni umri. Nilipopimwa choo wakakuta minyoo ya safura. Mabuu yake yanakaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, yaani shambani kwetu hasa, yanapenya kwenye ngozi ya mguu, yanafika tumboni na kung'ang'ania utumbo yakinyonya damu. Nilimeza dawa na vidonge vya chuma, nikarudi kazini vizuri. Watoto shuleni wanapewa dawa za minyoo, sawa. Lakini sisi wakubwa tunaoshinda shambani nani anatukumbuka? Nimelisema kwenye mkutano wa kijiji na nitaendelea kulisema. Vyoo na viatu vije kwanza.

Ukwaju
Mwanangu alikuwa anatoa damu mwishoni mwa haja ndogo. Kichocho, kutokana na kuoga bwawani. Shuleni waliwapanga watoto kwenye fimbo yenye alama, urefu ndio unaoonyesha idadi ya vidonge vya prazikwanteli. Akapona.

Dada wa Raskazone
Hedhi. Siku nane, mabonge, nalala juu ya kanga zilizokunjwa. Nilidhani ndivyo nilivyoumbwa maana mama yangu naye alikuwa hivyo. Utrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi. Rozela nimeinywa mpaka nimeichoka, na naipenda bado, lakini haizibi mahali damu inapotokea.

Bahari
Wanaume nasi tumo. Baba yetu alibeba mizigo miaka mingi, mgongo ukawa unamuuma, kila siku diklofenaki ya dukani. Akaanza kuchoka na kizunguzungu. Alipoulizwa na daktari kuhusu choo, akasema ni cheusi muda mrefu tu, hakuona sababu ya kumwambia mtu. Dawa zile zilikuwa zimemtoboa vidonda tumboni, vinavuja taratibu. Mzee wa kiume mwenye upungufu wa damu asipelekewe maini nyumbani mkaishia hapo. Achunguzwe anavuja wapi, kwa sababu wengine wanakutwa na saratani ya utumbo ikiwa bado inatibika.

Mama wa Shujaa
Naomba niongeze jambo muhimu. Mwanangu ana seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Hapa nchini watoto takriban 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Chembe zao hufa mapema kuliko za wengine, ndiyo maana damu iko chini muda wote. Jirani alimnunulia dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye chuma, kwa upendo kabisa. Kliniki wakatuambia tusimpe bila wao kupima, maana mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kujaza chuma mwilini kupita kiasi, kikadhuru ini na moyo. Yeye anatumia foliki asidi na haidroksiurea, na analala kwenye chandarua kila siku.

Ukwaju
Mwanzisha uzi, dada yangu yuko Bagamoyo, mjamzito. Tangu aanze fefo choo kimekuwa cheusi. Aliposoma ya mzee wa Bahari ameogopa, ameacha. Ni hatari?

Mwana wa Makorora
Mpe pole. Vidonge vya chuma vyenyewe hubadilisha choo kuwa cheusi, ni kawaida. Tofauti ni kwa mtu ambaye choo kilikuwa cheusi kabla ya vidonge, au kinanata na kunuka vibaya isivyo kawaida, huyo aende hospitali bila kungoja. Dada arudie leo usiku, na kliniki ijayo amwambie nesi kwamba aliruka siku kadhaa ili wapime tena. Hata namba ikipanda asiache, ataendelea kumeza kama watakavyomwelekeza, pamoja na baada ya kujifungua, ili akiba ijae.